Mchungaji wa Calypso

Historia ya uzamiaji wa kisasa aghalabu huandikwa kwa jina la mwanamume mmoja, Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Mwaka 1943 yeye na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza mtungi wa hewa uliomwezesha binadamu kuogelea vilindini bila ya kufungwa kwa mpira wa kumletea pumzi kutoka juu. Mkewe, Simone Melchior, hutajwa kwa maneno machache. Ilhali baba yake Simone alikuwa mmoja wa wakubwa wa Air Liquide, kampuni ya gesi ambamo Gagnan alifanya kazi, na ni kwa njia ya ukwe huo watu hao wawili walikutana.

Jacques na Simone walioana mwaka 1937. Jean-Michel alizaliwa mwaka 1938 na Philippe mwaka 1940. Mwaka 1950 wakaipata Calypso, meli iliyojengwa Marekani wakati wa vita ili kutegua mabomu ya baharini. Fedha zilikuwa haba, na Simone akauza johari zake kununulia mafuta na vifaa. Safari zilipoanza, watoto walipelekwa shule ya bweni. Mama akapanda meli. Huko alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa mabaharia, akiwauguza, akiwapatanisha, na mwenyewe akizamia. Mabaharia wakampa jina la Kifaransa lenye maana ya mchungaji wa kike.

Jina hilo si dogo, na uzito wake wanaujua zaidi watu wa bara kuliko watu wa visiwani. Huko Balangdalalu, wilayani Hanang, katika nyika yenye ziwa la chumvi na mlima unaozidi mita 3,400, Wadatoga wamelea ng'ombe kwa vizazi vingi. Mfugaji wa nyika hizo hutenganisha ndama na mama yake kila asubuhi. Ng'ombe huenda malishoni mbali, ndama hubaki karibu na boma. Jioni mama hurudi, ndama huachiwa anyonye kidogo, ndipo maziwa hushuka na mkamuaji akapata fungu lake. Utengano huo si ukatili, maadam una saa yake ya kwisha. Ng'ombe asiporudi, ndama hudhoofu na kibuyu hubaki kitupu.

Calypso haikurudi jioni. Mwaka 1954 ilikuwa Ghuba, imekodiwa na kampuni ya mafuta ya Waingereza ili wazamiaji wake wachunguze sakafu ya bahari mbele ya Abu Dhabi. Miaka minne baadaye, mwaka 1958, mafuta yalipatikana katika bahari hiyo.

Maji hayo yalikwishajua wazamiaji wengine. Kwa karne nyingi wanaume wa Ghuba, na pamoja nao watumwa na wana wa watumwa waliotoka pwani ya Afrika Mashariki, walizamia lulu kwa jiwe mguuni na kibanio puani, msimu wa kiangazi wa takriban miezi minne. Nao pia waliacha watoto nyumbani. Lakini aghalabu walisukumwa na deni la nahodha au amri ya bwana, na biashara yao ilianguka katika miaka ya 1930, lulu za kupandwa za Japani zilipoenea na dunia ikakumbwa na mdororo wa uchumi. Simone hakusukumwa na deni. Alikwenda kwa mapenzi yake. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya mwanahistoria. Mbele ya mtoto ni ndogo: mtoto hapimi sababu, hupima siku.

Kutoka Ghuba safari zilishuka hadi Shelisheli, kwenye visiwa vya Aldabra na Assumption. Wazanzibari wanakijua kizazi cha Aldabra, kwani kobe wakubwa wa Changuu asili yao ni huko. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Katika matumbawe ya Assumption ilipigwa sehemu ya filamu iitwayo Dunia ya Kimya, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Watu wengi humkumbuka humo chewa aliyezoea kulishwa kwa mkono. Wachache hutaka kukumbuka baruti iliyolipuliwa kwenye mwamba ili samaki wahesabiwe, jambo ambalo mvuvi wa pwani yetu akilifanya hupelekwa mahakamani.

Na kuna tukio zito zaidi. Calypso ilikuta kundi la nyangumi katika Bahari ya Hindi, ikalifuata. Ndama mmoja akaingia kwenye rafadha ya meli, akakatwakatwa. Mabaharia wakamuua ili kumpunguzia maumivu. Papa wakaja kumla; mabaharia kwa hasira wakawaopoa na kuwapiga kwa mashoka, kana kwamba papa ndio waliomjeruhi. Katika filamu hiyo mchungaji wa Calypso haonekani sana, kwani Simone hakupenda kupigwa picha.

Wana wake walijifunza mapema kwamba njia ya kuwafikia wazazi ni bahari. Jean-Michel alivishwa mtungi mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka saba. Wote wawili walipokua walifuata kazi ya baba. Tarehe 28 Juni 1979 ndege ya majini aliyoiendesha Philippe ilianguka katika mto Tagus, karibu na Lisbon, naye akafa. Aliacha binti wa miaka mitatu na mke mwenye mimba. Mwana wa kiume alizaliwa Januari 1980, akapewa jina la baba ambaye hakumwona. Simone alifariki mwaka 1990.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hawakusema kwamba mzazi asisafiri. Pwani yote hii imejengwa na watu waliosafiri. Lakini masimulizi ya bahari yameandikwa na waliokwenda, nao wameeleza kwa ufasaha walivyoona vilindini. Yale ya shule ya bweni, ya wavulana wawili wakihesabu miezi, hayakupigiwa filamu. Hicho nacho ni kimya, na historia ya Calypso haijatimia mpaka kihesabiwe.