Chuku, Hijama na Kisukari cha Wazee Chini ya Mlima Sagalla

Mlima Sagalla, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Ndara, ulikuwa kituo cha maji kwa misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uchagani. Kwa sababu hiyo wenyeji wake walikwisha kujuana na Waislamu wa pwani kabla ya wamisionari wa Kianglikana kujenga kituo chao mlimani mwaka 1883, na kabla ya reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kuukuza mji wa Voi kwenye tambarare iliyo chini yake. Hijama, yaani kuondoa damu kwa kuifyonza kupitia ngozi iliyochanjwa, ina heshima kubwa kwa Waislamu kwa kuwa Mtume aliisifu, na wengi huipendelea tarehe 17, 19 au 21 za mwezi mwandamo.

Katika Uswahili kazi hiyo iliitwa kuumika, na chombo chake, chuku, kilikuwa pembe fupi ya mnyama iliyotobolewa nchani. Muumishi aliibandika pembe mgongoni au kisogoni mwa mgonjwa, akafyonza hewa kwa mdomo kupitia kitundu kile, kisha akakiziba kwa nta, na ngozi ikavutwa ndani. Baadaye aliiondoa, akachanja chale nyembamba kwa wembe, akaibandika tena, na damu nyeusi nzito ikajikusanya humo. Leo pembe imeachia nafasi vikombe vya plastiki vyenye pampu, mabadiliko ya kushukuriwa, maana mdomo wa fundi hauikaribii tena damu ya mtu.

Watu waliumikwa kwa sababu ya kuumwa kichwa, mgongo na viungo, au uzito wa mwili usioelezeka. Kuihusisha hijama na kisukari, ugonjwa ambao mwili hukosa insulini ya kutosha au hushindwa kuitumia, ni jambo la juzi, na kwa wazee linakwenda kinyume na tahadhari ya tiba ya Kiislamu yenyewe: Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Kanuni yake kwamba aliyepita miaka 60 asiumikwe.

Wapo watafiti waliopima sukari kabla na baada ya hijama wakaona imeshuka, lakini tafiti hizo zimekuwa ndogo na za muda mfupi, na kipimo chenyewe kinaweza kudanganya. Mgonjwa aliyeambiwa afike bila kula atakuwa na sukari ya chini hata asipoguswa na wembe. Kipimo cha wastani wa miezi miwili au mitatu, kinachosoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, nacho huweza kushuka pasipo ugonjwa kupungua endapo damu nyingi imetoka, kwa kuwa chembe changa zinazochukua nafasi ya zilizopotea hazijakaa na sukari muda mrefu. Mzee wa Voi anayeonyeshwa nambari nzuri namna hiyo akaacha insulini au vidonge vyake yumo hatarini kweli, tena chale zake hupona polepole na huingiwa na vijidudu kwa urahisi, na ikiwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, chale hizo huweza kuvuja damu kwa muda mrefu baada ya vikombe kuondolewa.