Kinder Scout, Mlima Usio na Njia

Baina ya Manchester na Sheffield, miji miwili ya viwanda katika Uingereza, upo mlima uitwao Kinder Scout. Kimo chake ni mita 636 tu. Mtu aliyeuona Meru ataudhani kilima. Lakini juu yake ni uwanda mpana ulioloa maji, wenye udongo mweusi wa mboji uliokatwakatwa na makorongo. Njia haionekani, na ukungu ukishuka, mwenyeji na mgeni hupotea sawasawa.

Mahali kama hapo nani angepagombea? Wenye ardhi walipataka kwa ajili ya ndege mmoja wa jamii ya kwale, awindwaye kwa bunduki kuanzia tarehe 12 Agosti. Kwa ajili ya ndege huyo walifungiwa mlima hata wafanyakazi wa Manchester, waliovuta moshi wa viwanda juma zima wakitamani hewa ya Jumapili.

Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wapatao 400 walikusanyika karibu na kijiji cha Hayfield, kiongozi wao akiwa Benny Rothman, fundi wa magari mwenye umri wa miaka 20. Wakapanda. Walinzi wakawakabili kwa fimbo, yakatokea mapambano mafupi, na mlinzi mmoja akaumia. Kukanyaga ardhi ya mtu hakukuwa jinai katika sheria ya Uingereza; basi walishtakiwa kwa fujo na shambulio, na mwezi wa Julai, mjini Derby, watano wakafungwa. Rothman alipata miezi minne. Vyama vikubwa vya watembeaji vilikuwa vimeyapinga matembezi hayo, lakini ukali wa hukumu uliwakasirisha hata watu wapole.

Miongoni mwa wenye ardhi hiyo alikuwa Duke wa Devonshire, yule yule ambaye mwaka 1923, akiwa Waziri wa Makoloni, alitoa tamko kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika yatangulie. Nyanda za Juu, hata hivyo, zilibaki za Wazungu.

Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1949, na mwaka 1951 eneo hilo likawa mbuga ya kwanza. Haki ya kutembea popote katika nyika za milimani ilingoja sheria ya mwaka 2000. Mwezi wa Aprili 2002, mjukuu wa Duke yule aliomba radhi hadharani. Rothman alikuwa amefariki mwezi wa Januari.