Boriti za Mikoko na Watu Waliozikata

Historia ya pwani yetu aghalabu husimuliwa kwa majina ya masultani, manahodha na matajiri. Jumba la mawe likisifiwa, Lamu au Unguja, husifiwa mlango wake wa nakshi. Ni nadra mtu kuinua macho akaitazama dari. Huko juu ndiko ziliko boriti, nazo zilitoka topeni.

Mikoko huota pale ambapo miti mingine hufa, katika tope lifunikwalo na maji ya chumvi kila bahari ijaapo. Watu wa mwambao waliijua kwa kazi zake: mkoko na muia kwa boriti, mkandaa kwa gome la kutengenezea ngozi, mlilana kwa mataruma ya vyombo, msikundazi kwa milingoti. Elimu hiyo haikutiwa kitabuni, lakini ilikuwa elimu kamili, na ushahidi wake umo katika ujenzi. Dari ya mawe na chokaa ni nzito mno. Boriti ikizidi urefu wa kiasi cha mita 3 haiimudu. Ndiyo sababu vyumba vya majumba yale ni virefu lakini vyembamba. Tajiri angeweza kuongeza ghorofa na nakshi apendavyo. Upana wa chumba ulikwisha kuamuliwa na mti.

Ng'ambo nako boriti zilitakiwa, kwani nchi za Ghuba ni kame. Katika karne ya 10 al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers aliingia delta ya Rufiji katika jahazi la Kuwait lililokwenda kupakia boriti, akayaandika aliyoyaona.

Na mkataji je? Yeye aliingia vijitoni kwa mtumbwi maji yakijaa, akakata yakipwa, miguu imezama topeni na mbu hawana huruma, kisha akaibeba miti begani; na mkoko mbichi ni mzito sana. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani miti 20. Idadi za korija twazisoma. Jina la mkataji ni nadra kulikuta. Wajerumani nao, walipoifanya mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898, walitazama mbao na magome yaliyopelekwa Ulaya kwa viwanda vya ngozi. Tangu hapo msitu wa wenyeji ukawa na mwenyewe mwingine.

Kuwait ilipoanza kuuza mafuta nje mwaka 1946, saruji na chuma vilishika nafasi ya boriti pole pole. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuziuza nchi za nje. Katika majumba ya kale boriti zingali juu, na mwalimu mwenye kamba aweza kuupima upana wa chumba pamoja na wanafunzi wake.