Ukunda: Mji uliokua kuliko mabomba yake

UKUNDA ndio mji mkubwa kuliko yote katika Kaunti ya Kwale, ingawa makao makuu ya kaunti yako Kwale, mji mdogo ulio juu ya vilima vya Shimba. Uko kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Mombasa, kando ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga, na ndio mlango wa kuingilia ufuo wa Diani.

Asili yake ni vijiji vya Wadigo. Hoteli zilipoongezeka Diani, ufuo uligawanywa viwanja vya watalii na matajiri. Wapishi, madereva na wachonga vinyago wakalazimika kupanga vyumba Ukunda, upande wa pili wa vichaka. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii na kuwahamisha wengi waliotoka bara, lakini ukuaji haukukoma. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 649,931 katika Kwale nzima. Ile ya 2019 ikapata 866,820.

Tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu imewawezesha wenye magari kufika kusini bila kungoja feri ya Likoni. Kwa mwenye kutafuta kiwanja, Diani imesogea.

Maji hayakusogea kwa kasi hiyo. Mji hutegemea zaidi visima virefu vya Tiwi, ambavyo hutakiwa pia kuinywesha Likoni. Mabomba yakikauka, wakazi hununua mitungi kwa wachuuzi wa mikokoteni au huchota katika visima vya uani.

Hapo ndipo penye hatari. Ukanda wa pwani ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango, na nyuma yake ni mchanga. Maji ya mvua hupenya upesi na kujaza visima. Maji ya vyoo nayo hupita njia hiyo hiyo. Nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo au matangi ya maji taka. Kiwanja kimoja kikigawanywa mara tatu, choo cha jirani hujikuta hatua chache tu kutoka kisimani. Tena, maji yakichotwa kupita kiasi karibu na bahari, chumvi huingia, na kisima kilichoingia chumvi hakirudii utamu wake kwa msimu mmoja wa mvua. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi hakuiondoi.

Ukosefu wa maji una mkia mwingine. Familia huhifadhi maji katika mapipa na ndoo, na humo, pamoja na matairi na makopo yaliyotupwa ovyo, huzaliana mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue na chikungunya. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Watafiti wamemchunguza Ukunda kwa miaka mingi. Mgonjwa anayezidiwa hupelekwa hospitali ya rufaa ya Msambweni, kusini zaidi.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, maji, maji taka na uzoaji wa taka ni kazi ya serikali za kaunti, zilizoanza mwaka 2013. Hoteli kubwa huweza kujichimbia visima na kusafisha maji yake zenyewe. Mpangaji wa chumba kimoja hana njia hiyo.

Msitu umepungua vilevile. Mbega wa Diani, ambao walipita mitini kutoka tawi hadi tawi, sasa hukuta barabara na nyaya za umeme. Wengine hugongwa, wengine huchomwa na umeme. Wahifadhi wametundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufuoni. Kusini kidogo, Kaya Kinondo, yenye hekta 30 hivi, imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Wazee wa kaya wangali wakiulinda msitu huo, na mgeni haingii kabla ya kujifunga kaniki kiunoni.