Nyumba Zilizotandaa: Magharibi ya Nairobi

Ukitoka katikati ya Nairobi, penye majumba marefu kama lile la mikutano lililokamilika mwaka 1973, ukashika barabara ya Ngong kuelekea magharibi, utafika Karen. Nyumba za zamani za huko hazikupanda juu. Zilitandaa chini ya miti. Twende, msomaji, tukaitazame moja, kisha tujiulize: mtu ajengaye leo achukue nini kwake, na aache nini?

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi mmoja, Åke Sjögren, mahali panapotazamana na vilima vya Ngong. Mwaka 1917 ikawa makao ya Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, aliyelima kahawa hapo mpaka mwaka 1931. Kuta zake ni za mawe, paa lake la vigae, vyumba vyake vyote viko chini, na baraza zake zina kivuli kipana. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya zawadi ya uhuru, na tangu mwaka 1986 ni nyumba ya makumbusho.

Miaka ile ile, huko Marekani, msanifu Frank Lloyd Wright alikuwa akijenga nyumba za namna inayofanana na hiyo, na iliyo mashuhuri kupita zote, ya bwana Robie mjini Chicago, ilikamilika mwaka 1910. Nazo zililala chini, zikanyoosha upenu mrefu, zikaiga ubapa wa nyanda za majani za nchi ile. Sisemi kwamba Sjögren alimwiga Wright. Bangalo za Kenya zilikuja kwa njia ya Bara Hindi, na jina lenyewe latokana na Bengal. Walakini ukiziweka kando kwa kando, utaziona kama ndugu.

Lakini jihadhari na kunakili! Chicago iko mbali kaskazini ya ikweta, na jua la huko adhuhuri huwa daima upande wa kusini. Upenu wa Robie hulizuia jua la kiangazi lililo juu, na kuliruhusu la baridi lililo chini. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huelekea kaskazini, na Desemba huelekea kusini. Basi nyumba yetu yahitaji upenu pande zote mbili. Jua la asubuhi na la jioni huingia chini ya upenu wowote, uwe mrefu namna gani. Kwa hiyo nyumba na irefuke toka mashariki hata magharibi, na ncha zake zile mbili ziwe fupi, zenye madirisha machache. Upenu huo huo huzikinga kuta na mvua za masika. Na meko ya sebuleni si ya bure. Aliyelala Karen mwezi wa Julai ajua.

Hayo ni ya fundi. Yako na mengine yasiyoandikwa katika ramani ya nyumba. Nyumba ya kutandaa hutaka ardhi nyingi, na ardhi hiyo ilipatikanaje? Zile nyanda za Marekani zilikuwa na wenyewe kabla ya kupimwa viwanja. Hapa kwetu, wakati wa ukoloni, hati za viwanja vingi vya magharibi ya mji zilimkataza Mwafrika na Mhindi kukaa humo, isipokuwa Mwafrika huyo awe mtumishi. Fundi aliyechonga mawe mchana alirudi usiku Pumwani, mashariki ya mji, ambako chumba kimoja kiliwatosha watu wengi kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Siku hizi bangalo nyingi za Kilimani na Kileleshwa zimebomolewa, magorofa yakapanda mahali pao. Wengine huzililia. Mimi nazililia nusu. Mwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 aweza kuchukua upenu, baraza na mwelekeo wa jua, asihitaji zile eka.

Ukifika makumbusho, usiishie sebuleni. Zunguka nyuma ukaone jiko, lililojengwa mbali na nyumba. Humo ndimo alimopikia Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu. Hesabu hatua toka mekoni mwake hata meza ya chakula.