Uhamisho

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa sande skuli alitoweka ghafla. Jumapili moja alikuwa nasi kwenye mazoezi ya kwaya, Jumapili iliyofuata tukaambiwa tumwombee, amepata uhamisho. Kina mama walikuwa wakinong'ona kwenye foleni ya chai. Kuna kijana wa kwaya ambaye pia hakurudi tena kanisani. Nilipomuuliza mathe, alinijibu mara moja, "Mambo ya kanisa yaishie kanisani. Usiniletee maneno."

Mwaka wa 2024, nikiwa nimeacha chuo na kuishi kwa vibarua vya kuandika, nilisoma habari za John Smyth. Tangu siku hiyo neno uhamisho halijaniacha.

Smyth alikuwa wakili mashuhuri Uingereza. Miaka ya 70 alisaidia kuongoza kambi za Kikristo za wavulana wa shule za matajiri. Baadhi yao aliwapeleka kwenye kibanda nyumbani kwake, karibu na Winchester, akawachapa viboko hadi damu ikatoka. Aliwaambia ndiyo njia ya kushinda dhambi. Mwaka wa 1982 mchungaji Mark Ruston aliandika ripoti ya siri iliyosema wazi kwamba matendo hayo ni uhalifu. Walioisoma hawakwenda polisi. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba walihofia kazi ya Mungu ingeharibika. Mwaka wa 1984 Smyth alihamia Zimbabwe.

Hapo niliweka simu chini. Mtu ambaye hakufaa kuwa karibu na watoto wa Uingereza aliachwa aje kwa watoto wa Kiafrika! Alianzisha kambi zingine, akachapa wengine. Desemba 1992 mvulana wa miaka 16 alipatikana amekufa kwenye bwawa la kuogelea kambini. Smyth alishtakiwa kuhusu kifo hicho lakini kesi ikaporomoka. Mwaka wa 2001 akahamia Afrika Kusini, na akafia Cape Town mwaka wa 2018 bila kuhukumiwa popote. Novemba 2024 ripoti ya Keith Makin iliyaanika yote. Siku chache baadaye Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekuwa ameambiwa mwaka wa 2013, alitangaza kujiuzulu.

Wakatoliki nao wana yao. Kule Boston, Padre John Geoghan alizungushwa parokia hadi parokia kwa miaka mingi huku malalamiko yakimfuata, mpaka gazeti la Boston Globe lilipofichua Januari 2002. Madhehebu mawili, mabara tofauti, dawa ileile: mhamishe, kisha nyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Shida ni kwamba kilio hicho huwa cha mtoto wa mtu mwingine.

Sasa kanisa, msikiti au hekalu lifanye nini? Kwanza, polisi. Kwetu Kenya, Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inasema kumnajisi mtoto wa miaka 11 kwenda chini ni kifungo cha maisha. Hiyo ni jinai, na kamati ya wazee haina mamlaka ya kuichunguza, hata wawe wacha Mungu namna gani. Pili, mtoto apelekwe hospitali haraka kabla ushahidi haujapotea, na asikalishwe mbele ya baraza aulizwe alivaa nini. Tatu, mshukiwa asimamishwe kazi wakati uchunguzi unaendelea, na asipewe barua ya sifa njema aende nayo kwingine. Nne, msamaha usitumike kufunga mdomo wa mtu. Unaweza kumsamehe mtu na bado akajibu mashtaka kortini. Na ukiwa hujui pa kuanzia, piga 116, laini ya kusaidia watoto.

Najua wengi wenu mtasema naishambulia imani. Hapana. Nililelewa na kanisa, nyimbo zake bado naziimba nikiosha vyombo. Ndiyo maana nauliza.

Juzi nilimpigia mathe. Nikamuuliza yule mwalimu alihamishiwa wapi. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Sijui," akasema. "Hakuna aliyeuliza."

"Na yule kijana?"

"Pia yeye, hakuna aliyeuliza."