Mfereji Mpya juu ya Birika la Kale

Mtu wa pwani yetu aliyezaliwa katika nyumba ya mawe, amwitapo fundi aje kumfungia mfereji mpya chooni, aghalabu hudhani kuwa hilo ni jambo la asubuhi moja, lisilo asili wala nasaba. Walakini maji yaingiayo chooni mwa Mswahili yana tarikhi ndefu, na mfereji ni mgeni wa juzi katika tarikhi hiyo.

Ibn Battuta, msafiri wa Kimaghribi aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliona Mombasa kuwa milangoni mwa misikiti pana visima vya kina kifupi, dhiraa moja au mbili, ambavyo watu waliteka maji yake kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, wakaosha miguu na kuipangusa juu ya mkeka mnene kabla ya kuingia kuswali. Maji, basi, yalitafutwa kwa ajili ya twahara kabla ya kutafutwa kwa ajili ya starehe, na haja hiyo ya twahara ndiyo iliyoyaingiza majumbani. Katika nyumba za mawe za Lamu choo kilijengwa ndani, karibu na vyumba vya kulala, na pembeni mwake likawekwa birika la mawe na chokaa, lililosiribwa likawa laini kama ganda la kaure, pamoja na kata ya kifuu ya kuchotea. Chini kabisa ya birika hilo lilipachikwa bakuli kutoka Uchina, ili maji yapunguapo mno yabaki kidogo ndani ya bakuli, na samaki wadogo waliofugwa humo wapate kuishi. Kwani kazi ya samaki hao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Kwa rai yangu, hapana chombo cha chooni kilichokuja baadaye kilichofikiriwa kwa makini kushinda hicho.

Aibu yake ilikuwa moja, nayo ni kubwa: birika halikujijaza. Palihitajika mtu wa kuteka kisimani na kupanda ngazi na mtungi, asubuhi na jioni, na kwa karne nyingi mtu huyo aghalabu alikuwa mtumwa. Asifuye uzuri wa choo cha zamani na asimtaje aliyekijaza maji hajafanya insafu.

Unguja nayo ilionja madhara ya kukosa maji safi. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu, na katika mwaka huo wa 1870 Seyyid Barghash bin Said akakalia kiti cha enzi. Katika utawala wake, uliokoma kwa kifo chake mwaka 1888, maji ya chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini ya mji, yaliongozwa hadi Mji Mkongwe. Alijenga majumba mengi, na Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 ndiyo iliyoenea sifa duniani. Lakini mimi huyaweka maji yale mbele ya jumba lile, kwa kuwa jumba lilikuwa la mfalme na maji yalikuwa ya mji.

Mabomba ya chuma yaliyoenea baadaye katika miji yetu yalikuja na kanuni iliyotungwa mbali. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth aliwapendekezea mafundi wa Uingereza wakubaliane juu ya kipimo kimoja cha hesi, yenye pembe ya digrii 55, maana hapo kabla kila karakana ilichonga hesi zake, na kilichotoka huku hakikuingia kule. Kutokana na kanuni hiyo hesi ya bomba la nusu inchi ina mizunguko 14 katika kila inchi, jana na leo. Apimaye hesi hiyo kwa nje hupata karibu milimita 21 akashangaa. Nusu inchi ilikuwa upana wa tundu la ndani la bomba la zamani, na jina likadumu.

Ndiyo maana fundi aweza kufunga mfereji ulionunuliwa leo katika bomba lililozikwa ukutani zamani za babu. Hufunga koki kuu, hufungulia mfereji wa chini ili maji yaliyosalia yatoke, hung'oa kizibo, na kuisugua hesi kwa burashi ya waya mpaka kutu iishe. Kisha huzungusha katani juu ya hesi ya mfereji kwa kuifuata njia ya kukaza, kwani ikizungushwa kinyume hufumuka wakati wa kukaza na maji yakavuja. Akakaza kwa mkono kwanza, kwa spana baadaye, tena kwa kiasi, maana bomba lililoliwa na kutu hupasuka ndani ya ukuta mahali pasipoonekana. Wengi sasa hutumia tepu nyeupe badala ya katani, na bomba la plastiki badala ya chuma. Hesi ni ile ile.

Nawasihi basi wenye nyumba za kale za Unguja, Lamu na Mombasa: mfungapo mfereji mpya chooni, ufungeni juu ya birika, wala msilivunje birika kwa kutaka nafasi. Maji ya bomba hukatika, ilhali birika lililojaa huwatosha waliomo kutawadha, kuoga na kumkogesha mtoto hata maji yarudi.